Treni ni ndogo, lakini ni treni: kuwapandisha watoto wadogo treni ya bustanini

Mtoto wa miaka miwili anapoiona treni ya bustani kwa mara ya kwanza, anaikuta ina kimo chake. Taa ya mbele inamtazama usoni, bomba la moshi halimzidi sana urefu, na magurudumu yanapita karibu kiasi kwamba akinyoosha mkono anayafikia. Ndiyo maana anaipenda papo hapo. Na ndiyo maana sisi tunaompeleka, wazazi, mabibi na mababu, walimu wa chekechea, tunajisahau. Tunaiweka fungu moja na bembea. Kumbe ile ni treni: ina reli, breki, viungio vinavyovutana, uzito wa watu ishirini na zaidi ukiwa mwendoni, na mara nyingine ina moto na mvuke ndani yake. Makosa karibu yote yanayoiharibu siku hiyo, kuanzia kilio cha kwenye foleni hadi mguu ulioumia, chanzo chake ni kujisahau huko.

Kazi huanza siku mbili tatu kabla, kwa simu moja kwa wanaoiendesha treni. Uliza mambo haya: treni ni ya aina gani na abiria hukaaje, inavutwa na mvuke, dizeli au betri, mtoto wa umri gani anaruhusiwa, na kama anaweza kupakatwa, tiketi huhesabiwaje, treni ya mwisho inaondoka saa ngapi, na mvua ikinyesha inakuwaje. Watu wengi huuliza bei tu. Wanafika na mtoto wa miezi minane, wanaambiwa kwamba asiyeweza kukaa wima mwenyewe hapandi, na mkubwa wake ameshaiona treni. Hapo hakuna maneno yatakayomtuliza mtu. Masharti haya hutofautiana sana kati ya treni na treni, kwa hiyo usitegemee ulichokikuta bustani nyingine.

Swali la jinsi abiria wanavyokaa ndilo zito kuliko yote, na jibu lake linategemea upana wa reli, yaani nafasi iliyopo kati ya reli ya kushoto na ya kulia. Zipo treni za inchi 5 (milimita 127), ambazo mara nyingi reli yake imeinuliwa juu ya nguzo, abiria anakaa ametanua miguu kama mpanda baiskeli, nyayo zikiwa juu ya ubao mrefu wa kukanyagia. Zipo za inchi 7¼ (milimita 184), ambazo ndizo hasa za vyama vya wapenzi wa treni ndogo Uingereza na kwingi Ulaya. Magharibi mwa Marekani wenzao hutumia inchi 7½. Hizi nazo nyingi ni za kukaa juu ya behewa, siyo ndani yake. Ukipanda juu kidogo unafika inchi 15 (milimita 381). Huo ndio upana ambao Arthur Heywood aliujaribu Uingereza kuanzia mwaka 1874, akitafuta reli iliyo nyembamba kadiri inavyowezekana lakini bado ifanye kazi ya maana. Ndiyo reli ya treni ya bustani ya Prater kule Vienna, Austria, inayotembea tangu 1928, na ya Dresden, Ujerumani, iliyofunguliwa 1950 na ambayo hadi leo watoto wenyewe hushika kazi nyingi za stesheni. Katika hizi abiria hukaa ndani ya behewa, kwenye benchi, kuta zikimzunguka. Na kwenye bustani nyingi za wanyama na za michezo utakutana na ile ya inchi 24 (milimita 610) iitwayo C.P. Huntington, iliyoanza kuundwa Marekani mwaka 1961. Ina sura ya treni ya mvuke ya karne ya 19, lakini haina moto wala mvuke wa kweli. Mwambie mtoto mapema, asije akasubiri moshi usiokuja.

Ipo pia ile isiyo na reli kabisa, trekta iliyovalishwa sura ya treni ikavuta vigari vya matairi. Watoto wachanga hawaoni tofauti. Wa miaka minne wanaiona mara moja, na wanaweza kununa.

Kwa nini umsumbue mtu kwa habari za milimita? Kwa sababu reli ikiwa nyembamba, abiria ndiye mzigo mzito, na mzigo huo uko juu. Mtu mzima wa kilo 80 aliyekaa juu ya behewa la reli ya milimita 184 ana kiwiliwili chake kimepita nje ya mstari wa magurudumu, kushoto na kulia. Akijipinda kumpiga mtoto picha, uzito unahama, na behewa linaweza kulala upande. Siyo mtoto anayeliangusha behewa. Mtoto ni mwepesi. Ni sisi wakubwa. Kwenye treni ya milimita 381 au 610 hatari hiyo hupungua sana, na inayobaki kubwa ni mikono, miguu na vichwa kutoka nje. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu anayepanda mara ya kwanza, tafuta treni ya kukaa ndani. Ile ya mkao wa baiskeli mwachie akifikia umri wa kuelewa neno "usijipinde" na kulitii kwa dakika kumi mfululizo.

Mavazi siyo jambo la kurembesha. Kwa treni ya kukaa juu, mvalishe suruali ndefu, siyo kaptula wala gauni pana, kwa sababu kitambaa kinachoning'inia kiko sentimita chache tu kutoka kwenye magurudumu, na mvuke na cheche hutua juu ya mapaja. Viatu viwe vya kufunga, na uvikaze upya kabla ya kupanda. Kiatu kimoja cha mtoto kuanguka njiani ndilo tukio la kawaida kuliko yote kwenye treni hizi, na kila mara mtu mzima hujaribu kukiinamia, jambo ambalo ni baya mara kumi kuliko kupotea kwa kiatu. Kofia iwe na kamba ya kidevuni. Skafu na kamba za jaketi ziingizwe ndani. Kama injini ni ya makaa ya mawe, nguo nyeupe ziache nyumbani, kwa kuwa masizi yenye mafuta hayatoki kirahisi. Miwani ya aina yoyote, hata ya jua, humkinga mtoto na chembe za makaa machoni.

Nyumbani, panga viti vinne katika mstari mmoja na mcheze treni. Mchezo huu una kazi maalumu: kumfundisha amri tatu. "Kitako," anakaa na makalio yanagusa kiti. "Mikono," anaiweka mapajani au anashika chuma cha mbele. "Subiri," habanduki mpaka aguswe bega. Rudia mpaka afanye bila kufikiri. Kwenye kelele za injini hutaweza kumweleza jambo refu. Neno moja analolijua litamfikia. Ongeza handaki: mfunike shuka wewe na yeye, mhesabu pamoja kwa sauti mpaka kumi, mfunue. Mtoto aliyeshahesabu gizani akiwa nyumbani huingia handaki la kweli akiwa na kazi ya kufanya, na kazi humwondolea hofu.

Siku yenyewe, usifike stesheni pale pale inapofunguliwa kama injini ni ya mvuke. Kuwasha moto mpaka boila, yaani tangi la kuchemshia maji, ipate shinikizo huchukua saa moja na zaidi, na treni ya kwanza mara nyingi huchelewa. Kisha wafanyakazi hufanya safari tupu ya kukagua njia. Usiende jioni pia. Treni ya mwisho huondoka mapema kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa baada yake kuna moto wa kuzima, jivu la kutoa na mabehewa ya kurudisha banda. Saa ya pili tangu treni ianze kazi ndiyo nzuri: njia imeshapitiwa, foleni bado fupi, mtoto hajachoka.

Kabla ya kununua tiketi, mpeleke chooni. Halafu simameni hatua ishirini au thelathini kutoka stesheni, mtazame treni mbili zikiondoka na kurudi. Dakika hizi wengi huziruka, na ndizo zinazolipa. Mtoto anaona kwamba watu wanaondoka na wanarudi. Anasikia honi kwa umbali. Kwa injini ya mvuke kuna sauti nne za kumtajia moja moja. Ya kwanza ni filimbi. Ya pili ni vali ya usalama: shinikizo likizidi inafunguka yenyewe kwa ghafla, na mvuke unatoka kwa kishindo kirefu ambacho hata mtu mzima anashtuka, hii huwatisha watoto kuliko filimbi, kwa sababu hakuna anayeivuta na haina dalili. Ya tatu ni pumzi za bomba la moshi. Ya nne ni mlio wa maji na mvuke vinavyorushwa pembeni, chini kabisa, injini inapoanza kutembea.

Hiyo ya nne iangalieni kwa karibu, yaani kwa macho, siyo kwa miguu. Ndani ya silinda ya injini iliyosimama, mvuke hupoa ukawa maji. Maji hayabanwi; pistoni ikiyasukuma, silinda inaweza kupasuka. Kwa hiyo dereva hufungua vijibomba vya chini, na kwa mizunguko michache ya kwanza maji ya moto na mvuke mweupe hufoka pande mbili za mbele, usawa wa goti la mtu mzima. Goti la mtu mzima ni uso wa mtoto aliyechuchumaa kuangalia magurudumu. Injini ikiwa inakaribia kuondoka, hakuna mtoto anayekaa ubavuni mwake.

Watu hudhani injini ndogo ina joto dogo. Maji yaliyo chini ya shinikizo la baa 7 huchemka kwenye nyuzi 170 hivi za Selsiasi, iwe boila ni ya treni ya abiria elfu moja au ya abiria kumi. Walt Disney, yule wa filamu za katuni, alikuwa na reli yake ya inchi 7¼ nyumbani, Carolwood Pacific, aliyoizindua 1950. Mwaka 1953 injini iliendeshwa kwa kasi kwenye kona, ikaacha reli, mvuke ukatoka, na mtoto wa kike wa miaka mitano akaungua kidogo. Disney aliifunga reli ile. Nalisema hili siyo kumtisha mtu. Stesheni zinazobeba watu huwa na boila zinazokaguliwa na madereva waliofunzwa. Nalisema kwa sababu kila siku ya treni utamwona baba amemnyanyua mwanawe karibu na injini "amshike chu-chu", kiganja kikiwa kinaelekea sehemu ya mbele, nyuma ya mlango wa duara, ambako hewa ya moto hupita kabla ya kutoka kwenye bomba. Rangi nyeusi haionyeshi joto. Hata saa moja baada ya treni kusimama, pale bado panaunguza. Mpende mtoto kwa kumwambia: injini tunaipungia mkono, hatuishiki. Akitaka kugusa kitu, aguse behewa.

Mtoto anayeziba masikio mvishe vikinga sauti vya kofia, vile vinavyofunika sikio lote. Pamba haifai, inapunguza sauti kidogo sana na vipande vyake hubaki ndani. Na kama baada ya treni mbili bado analia na kujificha nyuma ya miguu yako, basi siku hiyo ni ya kupunga mkono tu. Rudini wakati mwingine. Inauma, hasa mkiwa mmetoka mbali, lakini mtoto aliyelazimishwa mara moja hukataa mwaka mzima, na aliyeachwa atazame, mara nyingi huomba mwenyewe kabla ya kuondoka.

Sasa foleni. Usiikadirie kwa macho, ihesabu. Chukua treni ya mabehewa manne, kila moja watu sita: watu 24 kwa safari. Mzunguko dakika 8, kushusha na kupakia dakika 5, jumla 13. Kama mbele yenu wapo watu 60 na treni ndiyo kwanza imeondoka, mtapanda ya tatu, yaani mtasimama karibu dakika 40 na mtaondoka na mtoto aliyekwisha nguvu. Mtoto wa miaka mitatu ana subira ya dakika kumi hadi kumi na tano akiwa na kitu cha kutazama. Hesabu ikizidi hapo, mtu mzima mmoja ashike nafasi na mwingine ampeleke mtoto akakimbie, mkiuliza kwanza wenye foleni kama wanaridhia. Kama uko peke yako na watoto wawili, ondokeni mkale, mrudi watu wanapokula. Saa ya chakula foleni hupungua kila mahali.

Gharama nayo isemwe wazi. Kinachokula fedha siyo tiketi ya mtoto bali marudio na tiketi ya mtu mzima anayelazimika kupanda naye. Watoto wawili, mkubwa mmoja, safari tatu: tiketi tisa. Kabla ya kununua moja moja, uliza kama kuna tiketi ya siku nzima au kitabu cha tiketi, na kama mkubwa anayemsindikiza mtoto mdogo analipa nusu au halipi. Kwa mtoto wa miaka miwili safari mbili zinatosha. Ya tatu huwa ni ya mzazi anayetaka fedha yake irudi. Nunueni zote mwanzoni, mpe mtoto tiketi zake mkononi. Anaziona ni mbili. Atampa gadi, yaani mfanyakazi anayesimamia mabehewa na abiria, ya kwanza, kisha ya pili, na mkono mtupu utamweleza kwamba zimekwisha kuliko utakavyoweza kumweleza wewe.

Kwenye jukwaa, mahali pa kusimama ni nyuma ya mstari, mtoto akiwa upande wa mbali na reli, umemshika kifundo cha mkono. Vidole hujichomoa. Kigari cha mtoto kikunjwe na kiachwe mahali mtakapoonyeshwa, breki imefungwa. Jukwaa nyingi zina mteremko mdogo wa kutolea maji, na kigari kilichoachwa wima hutembea chenyewe hadi relini. Pipi ya kijiti, peremende ngumu na chupa ya kunyonyea zitoke mdomoni kabla ya kupanda. Treni hushtuka, na kijiti kiko kooni.

Mpangilio wa kupanda hutegemea mkao. Kwenye behewa la kukaa juu, mkubwa huketi kwanza, nyuma, miguu yote miwili kwenye ubao, kisha mtoto huwekwa mbele yake, mgongo kwenye tumbo la mkubwa, mkono mmoja umemzunguka kiunoni. Miguu ya mtoto haitafika kwenye ubao. Izuie kwa mapaja yako isining'inie, maana mguu unaoning'inia hunaswa kati ya behewa na ukingo wa jukwaa, au na taruma (vipande vinavyolala chini ya reli na kuishikilia) na kokoto pale njia ilipoinuka. Kwenye behewa la benchi, mtoto hutangulia hadi upande usio na mlango, nawe unafuata na kuwa ukuta kati yake na uwazi. Kama pande zote mbili ziko wazi kwa mnyororo tu, na una watoto wawili, kaa katikati, mmoja kila upande, mikono yako miwili ikiwa na kazi. Watoto watatu wa chini ya miaka mitano kwa mkubwa mmoja ni wengi mno. Gawanyeni safari au ombeni msaada.

Behewa la mwisho ndilo zuri kwa mwenye hofu: kelele na masizi viko mbali, na gadi kwa kawaida yuko jirani. Kasoro yake ni kwamba mshtuko wa kuanza huhisiwa zaidi huko. Gadi akikuhamisha kutoka behewa moja hadi jingine, hama bila kubishana. Anapanga uzito. Behewa jepesi lenye watoto watupu likiwekwa katikati ya mazito, kwenye kona kali huvutwa kuelekea ndani na linaweza kuacha reli.

Na sasa sekunde hizi. Gadi amepuliza filimbi. Injini inasogea, lakini behewa lenu bado limetulia, kwa sababu kati ya kila behewa na jirani yake kuna nafasi ndogo kwenye kiungio. Nafasi ya kwanza inajifunga: tak. Ya pili: tak. Ya tatu. Kila moja inaongeza nguvu ya inayofuata, na inapofika kwenu behewa linaruka mbele kiasi cha kiganja. Mtoto aliyekuwa amesimama kumpungia bibi yake anaangukia nyuma, kisogo kwanza. Wala siyo dereva mbaya. Ndivyo treni inavyoanza. Basi neno "kitako" litoke kabla ya filimbi, na lirudiwe mwisho wa safari, kwa sababu treni inapofunga breki mabehewa hujikusanya kwa mtindo huo huo, na mara nyingi husogea tena hatua moja baada ya kusimama. Ajali nyingi za treni ndogo ni za kupanda na kushuka. Katikati ya safari mtu husahau hatari kwa sababu kweli ni ndogo. Stesheni mtu huisahau kwa sababu treni imesimama.

Njiani kasi ni ya mtu anayekimbia polepole, si zaidi sana. Inatosha kuvunja mkono uliotolewa nje kukamata jani. Miti na nguzo za madaraja madogo ziko karibu na njia kuliko macho yanavyoonyesha, kwa kuwa zimepimwa kwa treni, siyo kwa treni na mkono wako. Simu ikae mfukoni. Kama mnataka picha, mtu asiyepanda ndiye apige, akisimama pale treni inapotoka stesheni ikiwa bado polepole, nje ya uzio. Kitu kikianguka, iwe kiatu, kofia au mdoli, usikiinamie wala usimwachie mtoto akione kinavyobaki nyuma kwa muda mrefu; inua mkono, mwambie gadi, nacho huletwa na treni inayofuata au mfanyakazi wa njia. Mtoto atalia. Mwambie ukweli: kimeanguka, mjomba atatuletea.

Handakini, anza kuhesabu kabla ya kuingia. Sauti ya injini huongezeka ghafla kwa kurudi kwenye kuta, na moshi hushuka chini. Mwelekeze uso kifuani mwako na afumbe macho kama injini inachoma makaa. Mtoto akipandwa na hofu njiani, mbane imara, mdomo wako sikioni mwake, umsimulie kinachofuata: daraja, kona, stesheni. Usimwahidi kwamba mtashuka sasa hivi. Hakuna mahali pa kushukia kati ya stesheni na stesheni, na mzazi aliyenyanyuka ili kumtuliza mtoto ndiye anayeliyumbisha behewa.

Ikitokea treni kuacha reli, na kwenye njia nyembamba hutokea, dalili yake ni mtikisiko wa haraka haraka chini ya makalio, kama baiskeli juu ya ngazi. Mara nyingi ni kokoto au kijiti relini, ncha za reli zilizopishana kwenye makutano ya njia, au abiria aliyejipinda. Kaeni kitako, mikono ndani, pigeni kelele kumjulisha dereva, na msishuke mpaka mwambiwe, kwa sababu kushuka upande mmoja kwa pamoja ndiko kunakoliangusha behewa lililokuwa bado limesimama wima. Wafanyakazi wana nondo za kulinyanyua. Kwa kawaida huwa ni shughuli ya dakika chache, na watoto wengi hulikumbuka tukio hilo kama sehemu tamu ya safari.

Kushuka ni kinyume cha kupanda: kwenye benchi mkubwa anatangulia kusimama jukwaani, kisha anampokea mtoto, kwenye behewa la kukaa juu mtoto anapokelewa na gadi au mwenzako kwanza, nawe unashuka baadaye, taratibu, bila kulielemea behewa upande mmoja. Upande ni wa jukwaa tu, hata kama ule mwingine uko karibu na choo.

Baada ya tiketi ya pili kutakuja neno "tena". Mjiandae nalo. Asiyeweka idadi mapema hulipa safari nne na bado huondoka na mtoto anayegaragara chini, amechoka, ana njaa, na hakuna mtu wa kulaumiwa. Kinachosaidia ni kazi ya mwisho ya kufanya: kumpungia dereva, kumwona akijaza maji kwenye injini kutoka kwa umbali unaofaa, kuyahesabu mabehewa moja moja mpaka la nyuma. Kisha tembeeni kuelekea mahali palipo na kitu kingine, siyo kando ya njia ambako treni itawapita tena na tena.

Na kabla hamjatoka getini, angalieni mikono na mifuko. Kokoto za njia ya treni ni nzuri, zina ncha na zinang'aa, na watoto huziokota bila kuonekana. Tatizo siyo ile iliyo mfukoni. Tatizo ni ile aliyoiweka juu ya reli ili aone treni ikiipanda. Kwa treni kubwa, kokoto ya ukubwa wa zabibu husagika. Kwa gurudumu dogo la treni ya milimita 184, ambalo kingo yake ya kushikia reli ni ya milimita chache tu, kokoto hiyo inatosha kulinyanyua. Muulize waziwazi, bila hasira: umeweka jiwe relini? Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna unayoijua, mkamwambieni gadi papo hapo awaeleze wenzake kabla treni inayofuata haijaondoka. Msiingie njiani kulitoa wenyewe.